Ndama wa Mchikichi

Siku ile walikuwepo: Bwana Mkubwa wa Kidachi kutoka boma la Usumbura, ambaye pua yake ilikuwa imebabuka kwa jua, askari wake wawili, mmoja amevaa viatu na mwingine amevitundika shingoni, jumbe wa mji wetu wa Rumonge, ndani ya kanzu yenye doa, baba yangu mdogo, aliyezaliwa tumbo moja na baba, pamoja na mke wake, mzee Mrundi wa Kigwena, jirani wa shamba letu, na fimbo yake ndefu kuliko yeye, bibi yetu mzaa mama, mdogo wangu wa kiume, mdogo wetu wa mwisho, msichana, amelala mgongoni mwangu, na mimi. Nyuma yetu walisimama watu wote wa mji ambao hawakwenda ziwani. Na ndagala. Ndagala naziweka miongoni mwa waliokuwepo, kwa sababu baraza lilikaa ndani ya banda la kukaushia samaki, na hakuna hata mmoja wetu aliyeweza kuzisahau.

Bwana Mkubwa hakupenda kukaa humo. Alikuja na hema lake jeupe, lakini jana yake jioni upepo ulilinyanyua, likaingia ziwani likielea kama tumbo la kiboko. Wavuvi walilifukuza kwa mitumbwi huku wakicheka mpaka makafi yakawaponyoka. Asubuhi lilikuwa bado linachuruzika maji, kwa hiyo meza yake iliwekwa bandani, kati ya vichanja, naye akafunga kitambaa puani, akafungua, akafunga tena. Kwa kitambaa hicho tulijua lini anataka kusema.

Kesi ilikuwa yetu, watoto watatu. Tulikuwa tunadai michikichi ya baba.

Baba alifika Rumonge akiwa mpiga kafi, akitoka ng'ambo, kwenye milima ile tunayoiona asubuhi kukiwa hakuna ukungu. Alileta chumvi na vyungu, akarudi, akaja tena, na safari moja hakurudi kwa sababu alikuwa amemwona mama. Mzee wa Kigwena alimwonyesha ardhi kando ya msitu, mtware, mkuu wa huko, akakubali, na baba, mtu wa majini asiyejua kushika jembe, akaanza kupanda michikichi. Aliinywesha kwa kata, mmoja mmoja. Wapita njia walimwuliza kama amepanda miti au amezaa watoto. Siku miti ilipozaa, hawakuuliza tena. Walikuja na vibuyu.

Ugonjwa wa malale ulipopita kando ya ziwa ulimchukua baba, na baada ya mavuno machache ukamchukua mama. Sitakaa sana hapo. Mimi nilikuwa chuoni, nikisoma juzuu ya kwanza. Mama alipougua nilimrudishia mwalimu ubao wangu, nikaenda kupika. Mwalimu aliniambia, "Ubao utakungoja." Ulingoja muda mrefu kweli, herufi hizi ninazoandika nilifundishwa na mwanangu, nikiwa na mvi.

Kabla baba hajafa, alipokuwa bado anaweza kutembea akishikiliwa, alimwita ndugu yake, aliyemfuata baadaye kutoka ng'ambo, na mzee wa Kigwena pale shambani. Nilikuwepo, nimebeba kibuyu cha maji. Alisema kwa Kirundi, ili yule mzee awe shahidi: "Ndakuragije ibigazi vyanje." Ibigazi ni michikichi. Lile neno jingine ndilo lililotufikisha mbele ya Mdachi, na litafika zamu yake.

Baba mdogo hakuwa mtu mbaya, na nataka hilo lijulikane mapema. Alikuwa mtu wa sauti. Akicheka Rumonge, Gatete walijua. Siku ya kukamua mawese tuliweka chikichi zilizochemshwa ndani ya mtumbwi mkuukuu uliovutwa nchi kavu, yeye akaingia kuzikanyaga, na kukanyaga kwake kulikuwa ngoma. Watu walikuja kutazama miguu tu. Aliipenda michikichi ile. Aliipanda kwa ukanda wake, aliipunguza makuti, aliilinda dhidi ya nyani. Na kila alipokamua, kibuyu cha kwanza kilifika mlangoni kwetu kikiwa bado cha moto, amekibeba mwenyewe, akiimba njia nzima ili kila mtu ajue anakwenda wapi.

Mama alipokufa, kibuyu kikaacha kuja. Badala yake akaja yeye, mikono mitupu, akakaa kwenye mkeka wetu, akatueleza mipango yake.

"Wanangu, msiwe na wasiwasi," alisema. "Michikichi kaka aliniachia mimi. Nitawaweka vizuri. Huyu mutoto wa kiume nimemwombea nafasi kwa tajiri mmoja Ujiji, atakula wali kila siku. Huyu mudogo atakwenda Kabonga kwa wakwe zangu, wanapenda sana watoto. Na wewe, mama, umekua. Tutakutafutia mume."

Alisema hayo kwa furaha, kama mtu anayegawa nyama ya sikukuu. Mdogo wangu wa kiume aliniangalia. Yule wa mwisho hakuelewa, akaendelea kumvuta baba mdogo ndevu.

"Hatuendi," nikasema.

"Wapi hamwendi?"

"Popote."

Alicheka. Alidhani ni utoto. Lakini mimi nilikuwa nimeshapiga hesabu yangu: michikichi ikibaki kwetu, tutakula, na tukila tutakaa nyumba moja. Ikiondoka, sisi nasi tutaondoka, kila mtu njia yake, na mwisho wake tungekutana barabarani tukaulizana majina. Kwa hiyo nilisema tena kwamba hatuendi, na bibi, aliyekuwa akichambua maharage pembeni, akasema, "Umesikia mwenye nyumba."

Tulikwenda kwanza kwa jumbe. Jumbe alikaa barazani kwake kila Alhamisi kuamua mashauri ya mji. Nilimwambia michikichi ni mirathi ya watoto. Baba mdogo akasema alichopewa mtu na marehemu akiwa hai hakiingii katika mirathi, na yeye alipewa. Jumbe akafumba macho kama anayetafuta hekima ndani ya kichwa chake, akafumbua, akasema baba mdogo ameshinda.

"Na shahidi?" bibi akauliza. "Mzee wa Kigwena hukumwita."

"Kigwena ni mbali, mama."

"Mbali? Mawese yamefikaje hapa?"

Watu waligeuka. Nyuma ya jumbe, mlangoni, palikuwa na mtungi mpya, na mbele ya jumbe, juu ya kanzu nyeupe, kifuani hasa, palikuwa na doa jekundu la ukubwa wa kiganja. Alikuwa ameuinamisha mtungi aunuse, nao ukamsalimia. Doa la mawese halitoki. Ukilifua kwa sabuni unaling'arisha tu. Jumbe aliweka mkono kifuani, kama mtu anayeapa, na tangu siku ile alitembea hivyo, mkono kifuani, hata akaanza kusifiwa na wageni kwa unyenyekevu wake.

Bibi aliniambia tukiwa njiani, "Tulia. Wadachi wanapita mwezi ukiandama. Nitamleta mzee hata kama ni kwa kumbeba."

Hakumbeba. Mzee alikuja mwenyewe, alfajiri ya siku ya baraza, ametembea kutoka Kigwena na fimbo yake, akasema "amahoro" kwa kila nyumba aliyoipita, na kila nyumba ikamwitikia, kwa hiyo alichelewa. Alipoingia bandani Bwana Mkubwa alikuwa ameshafunga kitambaa mara nyingi.

"Shauri gani hii?" Bwana Mkubwa aliuliza. Kiswahili chake alikisema neno moja moja, kama mtu anayevuka mto juu ya mawe.

Nilisimama. Nilieleza. Sauti ilitetemeka mwanzo, halafu mdogo wangu mgongoni akaamka, akaanza kunipiga mgongo kwa viganja kama anacheza ngoma, watu wakacheka, na mimi nikapata nguvu nikamaliza. Baba mdogo naye akasimama akaeleza yake, kwa madaha, mikono ikipaa, na aliposema "kaka yangu mpenzi" machozi ya kweli yalimshuka. Nilimwonea huruma. Mke wake alimwonea huruma. Hata askari mwenye viatu shingoni alipangusa jicho, lakini huenda zilikuwa ndagala.

"Iko shahidi?"

"Iko," akasema bibi, akamsukuma mzee mbele.

Mzee hakujua Kiswahili, au alikijua cha kununulia chumvi. Jumbe ndiye aliyekuwa mkalimani, maana kila Bwana Mkubwa akija, jumbe ndiye aliyetafsiri. Mzee akaegemea fimbo yake, akamtazama Mdachi machoni, akasema taratibu kwa Kirundi:

"Yaramuragije. Ntiyamuraze."

Jumbe akakohoa. "Bwana Mkubwa, anasema marehemu aliagiza ndugu yake apewe michikichi."

Baba mdogo akatabasamu. Bibi akashika kichwa.

Nani angemlaumu jumbe, kama asingekuwa na doa kifuani? Sikio la Mswahili likisikia "ragiza" linasikia "agiza". Mpaka leo sijui kama alidanganya au alikosea, na nadhani yeye mwenyewe hakujua. Mtu akiwa na mtungi wa mwenzake nyumbani, masikio yake husikia kwa upande. Lakini mzee alisema maneno mawili, na moja lilipotelea kwenye ndevu za jumbe. Kuraga ni kurithisha. Kuragiza ni kitu kingine kabisa. Mzee alisema: alimragiza, hakumraga.

"Hapana!" nikasema. "Hakusema aliagiza!"

"Nyamaza, wewe mutoto," jumbe akanigeukia. "Unajua Kirundi kuliko mimi?"

"Nilinyonya na Kirundi, babu. Wewe ulikioa tu."

Banda likalipuka kwa kicheko, maana ilikuwa kweli. Mke wa jumbe alitoka Gatete na nyumbani ndiye aliyesema, jumbe akiitikia. Bwana Mkubwa alifungua kitambaa.

"Kimya! Wewe, binti. Amesema nini?"

"Amesema ragiza, Bwana Mkubwa."

"Ragiza ni nini?"

Hapo ndipo mambo yalipoharibika kwa utamu. Kila mtu bandani alijua ragiza ni nini, na hakuna aliyeweza kulisema kwa Kiswahili. Mmoja akasema ni kuazima. Mwingine akasema, hapana, kuazima unarudisha kesho. Mwanamke mmoja muuza ndagala akasema ni kuweka amana. Mvuvi akamwambia amana haikamuliwi. Walipandishiana sauti, wakasahau kesi, mpaka bibi akapiga makofi.

"Ni kama ng'ombe!" akasema. "Bwana Mkubwa, ni ng'ombe!"

Bwana Mkubwa alitazama huku na huku. "Ng'ombe iko wapi?"

"Hakuna ng'ombe, bwana. Ni mfano."

"Shauri ni ya ng'ombe au ya miti?"

"Ya miti, bwana. Lakini miti ni ng'ombe."

Akamwamuru askari aliyevaa viatu aende kumleta huyo ng'ombe. Askari akapiga saluti, akatoka. Alizunguka mji mzima akitafuta ng'ombe wa kesi, na baadaye kidogo alirudi na mbuzi wa jumbe, akieleza kwamba ng'ombe hakuonekana lakini huyu alikuwa karibu. Yule mbuzi alisimama nasi mpaka mwisho, akila ncha ya kamba iliyofungia meza.

Mzee wa Kigwena alingoja kicheko kiishe. Hakuwa na haraka. Mtu anayefuga ng'ombe hana haraka. Kisha akaeleza, na safari hii bibi ndiye aliyetafsiri, kipande kwa kipande, jumbe amekaa kando na mkono kifuani.

Mtu akiwa na ng'ombe na hawezi kumchunga, alisema, humragiza mwenzake. Yule mwenzake atakunywa maziwa, atachukua mbolea, atasifiwa na wapita njia kwamba ana ng'ombe mzuri. Lakini ng'ombe si wake. Na watu watajuaje kwamba si wake? Kwa sababu kila neema ya ng'ombe yule, kabla hajaionja yeye, atapeleka ya kwanza kwa mwenyewe. Maziwa ya kwanza baada ya kuzaa, hupeleka. Habari ya ndama, hupeleka. Asiyepeleka ni mwizi. Anayepeleka ni mchungaji.

"Marehemu aliumwa," mzee akamaliza, "na watoto hawakuwa na nguvu za kupanda mti. Akamragiza ndugu yake. Nani mwingine amragize?"

Baba mdogo akainuka. "Hayo ni ya ng'ombe, mzee wangu. Mchikichi hauna maziwa. Hauna ndama. Kaka aliniachia, basi."

Bwana Mkubwa alitazama jua kupitia matundu ya paa. Niliona anataka kumaliza. Nilijua akimaliza wakati ule atamaliza kwa jumbe, kwa sababu jumbe ndiye aliyemjua. Nilimshika mdogo wangu wa kiume mkono, akaushika sana. Mikono yake ilinuka mawese ya zamani. Ya mapya hatukuwa nayo.

Bibi alisogea mpaka mbele ya baba mdogo. Alimfika kifuani.

"Mwacheni," akasema kwa sauti ya upole iliyonitisha. "Mwacheni na michikichi yake. Mimi linaloniuma ni moja tu. Kaka yake afe, watoto wabaki, na mtu huyu, tangu siku ile, asiwaonjeshe hata tone. Hata tone! Mchoyo wa namna hii sijapata kumwona kandokando ya ziwa hili."

Lilikuwa neno moja tu, mchoyo. Lakini kwa baba mdogo ungeweza kusema ni mvivu, ni mrefu sana, hajui kuogelea, angecheka. Mchoyo? Alipanda juu ya kikapu cha ndagala.

"Mimi? Mimi mchoyo? Mama, unaniambia mimi mchoyo mbele za watu? Kila mavuno, kila mavuno, kibuyu cha kwanza nani alikipeleka kwenye mlango wa watoto hawa? Kabla mke wangu hajaonja! Kabla mimi sijalamba kidole! Nilikipeleka kikiwa cha moto, kikaniunguza bega, angalieni!" Akavuta shati. "Ulizeni mji! Semeni ninyi! Nilipeleka au sikupeleka?"

"Ulipeleka!" mji ukaitikia, kwa sababu ilikuwa kweli na kwa sababu alikuwa anapendwa.

"Cha kwanza?"

"Cha kwanza!"

"Nikiimba?"

"Ukiimba!"

Alibaki amesimama juu ya kikapu, bega wazi, anahema, ameshinda. Mzee wa Kigwena ndiye aliyeanza. Kicheko chake kilitoka mbali, kikapanda na fimbo, mabega yakatikisika. Bibi akatafsiri kile kicheko: hakuongeza neno, alimtazama tu Bwana Mkubwa na kufungua viganja viwili.

Niliona uso wa baba mdogo ukipambazuka polepole. Mdomo ulibaki wazi. Akashuka kikapuni mguu mmoja mmoja. Mke wake alikuwa ameshajifunika kanga usoni, na kanga ilikuwa inaruka kwa kucheka.

"Baba watoto," akamwambia, "umejipeleka mwenyewe, ukiimba."

Na yeye, baba yangu mdogo, akaketi chini kabisa, juu ya magamba, akashika kichwa, na Rumonge ikasikia kicheko chake, na Gatete.

Hata Bwana Mkubwa alielewa. Sijui alielewa ragiza au alielewa bega, lakini alipiga meza. "Miti ya watoto," akasema. "Kwisha."

Vigelegele vilipasuka. Mdogo wangu wa kiume alimrukia mbuzi shingoni. Katikati ya fujo ile Bwana Mkubwa akamnyoshea jumbe kidole.

"Toa mkono."

Jumbe akatoa mkono kifuani.

"Hii nini?"

"Mawese, Bwana Mkubwa."

"Mawese ya nani?"

Mji mzima ulianza kukohoa. Bwana Mkubwa akamtazama askari mwenye viatu shingoni, aliyeshika kiboko, na kukohoa kukaisha ghafla, kwa sababu kiboko cha Wadachi tulikijua, kilikuwa kimewapitia watu wa haki na wasio wa haki. Jumbe alikuwa mzee.

Bibi akapiga goti. "Bwana Mkubwa, usimpige. Wewe kesho unaondoka, sisi tunabaki naye. Mwache aubebe tu mtungi."

"Aubebe wapi?"

"Kwa wenyewe."

Na ndivyo jumbe wa Rumonge alivyopita katikati ya mji wake mchana kweupe, mtungi wa mawese kichwani, wanawake wakimfuata kwa nyimbo za harusi, mbuzi wake nyuma yao. Alipofika mlangoni kwetu aliutua vizuri, bila kumwaga, akaniambia kwa sauti ndogo, "Mama, nisaidie kitu kimoja. Doa hili mnalitoaje?" Nikamwambia hatulitoi, tunapaka kanzu nzima. Alicheka, maskini. Na kwa kweli alifanya hivyo: Idi iliyofuata alikuja na kanzu nyekundu kama machweo, akapendeza.

Lakini nimeruka jambo. Kabla hatujatoka bandani mzee wa Kigwena aligonga fimbo chini.

"Bado," akasema. "Ng'ombe hatoki zizini kwa mchungaji mikono mitupu. Aliyemchunga hupewa ndama. Akiondoka bila ndama, aibu ni ya mwenye ng'ombe."

Bwana Mkubwa alikuwa ameshafunga kitambaa. "Ndiyo, ndiyo, ndama," akasema, akapita akaenda kutazama hema lake.

Mzee akanigeukia. "Mukobwa wanje, binti yangu, nani imfura hapa? Nani wa kwanza kuzaliwa?"

"Mimi."

"Utampa baba yako mdogo ndama wake?"

"Nitampa," nikasema. Nilikuwa na furaha kiasi kwamba ningesema nitampa ziwa. Tulipokwisha kutoka ndipo nilipouliza ndama wa mchikichi ni nini.

Mzee alikuwa amelifikiria njia nzima kutoka Kigwena, nadhani. Ndama ni mche. Uoteshwe kutoka mbegu ya miti ya baba, upandwe kwenye kiwanja cha baba mdogo, mstari mmoja, kuanzia njia mpaka kijito. Na kama vile ndama hahesabiwi kuwa amepewa mtu mpaka aachishwe ziwa, mche nao hauhesabiwi mpaka uzae shada lake la kwanza. Mpaka hapo ni wangu kuulea, ukifa nipande mwingine.

Baba mdogo alisikiliza, akakubali, akaniambia, "Nataka ndama wanene."

Mavuno yaliyofuata yalikuwa yetu. Mdogo wangu wa kiume hakwenda Ujiji. Alijifunza kupanda mchikichi kwa ukanda wa baba mdogo, na aliyemfundisha ni baba mdogo mwenyewe, amesimama chini akimpigia kelele aangalie nyuki. Wa mwisho hakwenda Kabonga, ila kutembea. Siku ya kukamua hatukuwa na mtu wa kukanyaga. Nilituma kwa baba mdogo, nikiogopa. Alikuja ameshakunja suruali. Aliingia mtumbwini akakanyaga kama zamani, na tulipoengua kibuyu cha kwanza nilikichukua kikiwa cha moto, nikakiweka begani, nikaenda nacho kwa mkewe, nikiimba njia nzima. Ndipo nilipojua kwamba kweli kinaunguza.

Miche niliipanda mvua zilipoanza. Mingine ililiwa na mbuzi wa jumbe, ambaye tangu siku ya baraza alijiona ana haki kila mahali. Mingine ilishika. Asubuhi baba mdogo alitoka nyumbani kwake, akatembea kwenye mstari, akiigusa, na nikipita na mtungi wa maji aliniita kwa sauti ile yake, "Ndama wangu huyu amelala vibaya! Mama yake yuko wapi?" Nikaweka mtungi chini nikaenda. Nilipoolewa alisimama mbele ya wageni, akamwambia bwana harusi, "Mchukue, lakini usimchukue mbali. Ana ng'ombe zangu." Mume wangu, mtu wa Kabonga, alihamia Rumonge. Alisema hakutaka kesi.

Wadachi walipoondoka kwa mitumbwi na vita nyuma yao, sehemu kubwa ya mstari ilikuwa imezaa. Tulikwenda na mzee wa Kigwena, aliyekuwa sasa anaongozwa mkono, akapapasa shada la kwanza la kila mti na kusema "ego", ndiyo, na huo ukawa umekabidhiwa. Alipofika mwisho, karibu na kijito, mkono wake ulipapasa hewa.

Pale mche haukai. Maji yakipanda yanauchukua, yakishuka jua linauchoma. Nimepanda na kupanda. Siku moja nilimwambia baba mdogo achukue badala yake mti mkubwa kutoka shamba la baba, unaozaa tayari, wowote atakaoutaka.

Alinitazama kama nimemtukana. "Ndama habadilishwi kwa ng'ombe mzee. Unaniona mimi mchoyo wa kungoja?"

Kwa hiyo msimu huu nimeotesha tena mbegu, nyuma ya jiko, kwenye kivuli, na mche una majani mawili. Mvua zikianza nitaupeleka kijitoni. Ameshaniuliza unaendeleaje.